Mabano Mawili Ubaoni

Miaka sita nimefuta mbao za shule moja ya sekondari hapa Mafeteng, na kabla ya kufuta huwa nasoma. Niliishia darasa la saba, lakini kutazama hakuhitaji cheti. Mwalimu Ramakatsa wa hisabati akiacha eksi mraba zake ubaoni, nilisimama na kitambaa mkononi mpaka nione amepitaje. Nikagundua kuwa namba ya mwisho ndiyo inayotoa jozi, na ya katikati ndiyo inayochagua. Ishirini na nne ina tatu mara nane, ina nne mara sita, na nyinginezo. Ya katikati ikiwa kumi na moja, basi ni tatu na nane. Kila moja unaiweka kwenye mabano yake, kwisha.

Nilimfundisha binti yangu Nthatisi tukichambua maharage. Alipenda, na haukupita mwezi akanipita. Alitaka kuwa muuguzi, na asiyeingia darasa la hisabati la mwalimu huyu hapokelewi chuo cha uuguzi.

Ukaja mtihani wa kuchagua wa kuingia darasa hilo, maswali kumi. Nthatisi akaandika mabano ya majibu tu, yote sahihi. Mwalimu akampa sifuri, akamwambia amenakili, kwani yeye mwenyewe huandika mistari minne kabla ya kufika hapo.

Nikaenda Alhamisi nikitoka kwenye sala ya akina mama, bado nimevaa sare ya kanisa. Walimu walikuwa ofisini mwao wakinywa chai. Nikauliza kwa upole kwa nini sifuri.

“Mè MaNthatisi,” akasema Ramakatsa bila kuinua kichwa, akiniita mama kwa jina la mtoto, “majibu kumi, hatua hakuna. Huyo mtoto ana darubini kichwani?”

Wenzake wakacheka. Nikamwambia hatua zipo, ila nyumbani tunazifanya kwa mdomo, na mimi ndiye niliyemfundisha. Hapo wakacheka zaidi. Akainuka, akaandika ubaoni: eksi mraba, toa mbili eksi, toa ishirini na nne.

“Haya, mama profesa. Fanya kwa mdomo.”

Nilimwomba Bwana utulivu, naye akanipa. Nne na sita, na hapa kubwa ndiyo yenye toa. Nikachukua chaki, nikaandika mabano mawili: eksi toa sita, eksi jumlisha nne.

Kicheko kikakoma. Nilidhani nimemwokoa mtoto wangu.

“Hilo ni swali la saba la mtihani wangu,” akasema taratibu. “Na funguo za ofisi hii anazo nani?”

Ninazo mimi. Wote walijua.

Nikasihi Nthatisi apewe maswali mengine, hata ishirini, mbele yao wote. Akajibu kwamba hatungi mtihani kwa ajili ya mtoto mmoja wa mfagiaji. Mkuu wa shule alipoitwa alisema ananijua kuwa mtu wa sala, na huku akisema hivyo alinyoosha mkono apokee funguo. Tangu siku hiyo nasafisha vyoo vya nje.

Jumatatu orodha ya waliochaguliwa ilibandikwa, jina lake halimo. Nthatisi aliisoma mara mbili, akarudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Hakulia. Nikampakulia papa, ugali wetu wa mahindi, na mboga, hakugusa.

“Mama,” akasema mwishowe, “niambie mimi tu. Ile karatasi ya mtihani uliiona?”

Nikamwapia kwa jina la Mungu kuwa sikuiona. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama wanavyomwitikia mwalimu wasiyemwamini.