Mchuzi wa Mshahara

Mume wangu ni Katibu wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na mimi ni mfungaji sabuni katika kiwanda hichohicho. Yeye ndiye aliyetangaza mgomo. Alipanda juu ya pipa tupu pale getini, akashika kipaza sauti, akasema hakuna atakayerudi ndani mpaka tupewe nyongeza yote tuliyoomba, pamoja na glavu za kutukinga na magadi yanayotuchuna vidole. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nani asingepiga? Mume ni wangu, na vidole vilivyochunika ni vyangu.

Kuna jambo moja ambalo katika shangwe zile halikunijia akilini. Sisi tunalipwa na kiwanda, kwa hiyo tulipogoma mshahara ulikatika. Katibu analipwa na chama. Mgomo ulipoanza mshahara wake uliendelea kuingia kama kawaida, tena na posho ya vikao juu yake. Kwa maneno mengine, katika nyumba moja na kitanda kimoja, mimi nilikuwa kwenye mgomo na mwenzangu alikuwa kazini.

Wanawake wa meza ya kufungia tulilibeba benchi letu kutoka ndani, tukaliweka nje ya geti, na mbele yake tukainjika sufuria kubwa. Kila mmoja alileta alichonacho, kikapikwa pamoja, kikaliwa pamoja. Nafasi yangu ilikuwa mwisho wa benchi, karibu na Mama Pacha, kama tulivyokaa miaka yote mezani. Mama Pacha ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Pacha wake wa pili nilimpokea mimi kwa mikono hii, mkunga akiwa bado anahangaika na yule wa kwanza.

Wenzangu walipokuwa wakileta kabichi nusu na konzi ya unga, mimi nilileta mafuta, vitunguu, na siku nyingine nyama. Mwanzoni walinishangilia. Baadaye wakaanza kuniita Madamu. Ulikuwa utani, lakini utani wa kuchoma.

Mambo yaliharibiwa zaidi na Breki. Huyu ni dereva wa lori la kiwanda, mgomaji mwenzetu, ambaye tulimchagua aingie kwenye mazungumzo pamoja na Katibu. Alitoka huko siku moja na paja la kuku amelifunga kwenye karatasi, la watoto wake, akatuambia kwamba Mkurugenzi hufungua kila kikao kwa chakula.

"Na Katibu anakula?" mmoja akauliza.

"Anakula?" Breki akacheka. "Mkurugenzi mwenyewe huwa anampisha."

Wote wakageuka kunitazama, kama vile kuku nilimpika mimi.

Kisha Mama Pacha akauza cherehani. Ilikuwa cherehani ya mkono, aliyoshonea sare za shule akitoka kazini, na hiyo ndiyo iliyowasomesha pacha wake. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara aliinunua, akaiweka dirishani, na kutoka kwenye benchi letu tuliiona vizuri kabisa. Asubuhi hiyo mimi, kwa kutojua, nikaja na nyama. Ilipoiva, Mama Pacha alichota kidogo, akaonja, akarudisha upawa.

"Huu ni mchuzi wa mshahara," alisema. "Mimi sili."

Nilipotaka kukaa, hakuna aliyesogea. Nilisimama pale kama mgeni aliyekosea nyumba, kisha nikaondoka, na nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kwamba mfuniko wa sufuria ulikuwa bado mkononi mwangu. Niliumia. Magadi hayajawahi kuniumiza vile.

Katibu alirudi, akavua viatu, akakaa mezani na kukunja mikono ya shati.

"Mke wangu, leo kuna nini?"

"Maji ya moto."

"Ya kuoga?"

"Ya kunywa."

Alicheka. Alipoona sicheki, akaacha. Nikamwambia kwamba tangu siku ile mimi nakula wanachokula wagomaji, na yeye, kwa kuwa ndiye aliyetutia kwenye mgomo, atakula sahani moja na mimi. Watoto na bibi yao hawakugoma, kwa hiyo akiba ya ndani ilikuwa yao. Sisi wawili tulikuwa na uji, tena mwepesi, wa kuona kitako cha kikombe.

"Hebu nielewe," akasema, kwa ile sauti yake ya vikao. "Kiongozi mwenye njaa ananunuliwa kwa sahani ya wali. Chama kinanilipa ili nisiyumbe."

"Kwa hiyo sisi tusiolipwa ndio tunaoyumba?"

"Nyinyi... nyinyi mko wengi."

"Tuko wengi, na kila mmoja ana tumbo lake."

"Katiba ya chama hairuhusu mshahara kurudishwa!"

"Usirudishwe. Bahasha yake ikae juu ya kabati, isiguswe mpaka na wetu utoke. Na nikisikia umegusa kuku wa Mkurugenzi, ulale hukohuko kwa Mkurugenzi."

Akamgeukia mama yake, aliyekuwa anakula wali na maharage bila haraka yoyote. "Mama, umesikia mkwe wako?"

"Nimesikia," mama mkwe akasema. "Bahasha nitailinda mimi."

"Hata wewe uko upande wao?"

"Mimi si mwanachama, mwanangu. Mkwe, hebu niongezee maharage."

Siku ya kwanza Katibu alijiona shujaa. Aliwapitia majirani kuwaeleza kwamba anafunga kwa ajili ya tabaka la wafanyakazi. Siku iliyofuata hakutoka. Alivuta kiti akakaa kumtazama mama yake akila, kijiko kinavyopanda na kinavyoshuka, na alipodhani hakuna anayemwona akanyemelea kopo la biskuti za watoto. "Weka," mama mkwe akasema, na wala hakugeuza shingo. Baada ya hapo akaanza kukasirikia vitu: mlango unapiga kelele, redio inasema uongo, watoto wanatafuna kwa makusudi. Nami nilikuwa na njaa, nisidanganye, lakini kwenye benchi, mchana kutwa, nilishajifunza jinsi ya kukaa nayo.

Ikafika siku ya kikao. Mimi nilikuwa getini, nimesimama kando ya benchi kwa sababu bado hakuna aliyenipisha, na kilichotokea ndani alikuja kukisimulia Breki, akitoka mbio huku anapunga kofia.

"Yamekwisha! Amesaini!"

Vigelegele vikalipuka, watu wakakumbatiana. Breki alipopata pumzi akaanza kutia madoido. Kuku aliletwa, Katibu akamsukumia mbali. Keki ikaletwa, akaitazama, machozi yakamlengalenga, akaisukuma pia. Mkurugenzi akaingiwa na hofu, akauliza kama ana homa. Katibu akapiga meza, akasema hakuna chai, hakuna salamu, tuongee.

"Akamuuliza, 'Ile ofa yako bado ipo?' Mkurugenzi akasema, 'Nusu ya nyongeza na glavu? Ipo, tangu kikao cha pili ipo.' Basi! Katibu akasaini."

Vigelegele vikapungua, kimoja baada ya kingine, mpaka kikabaki cha bibi mmoja ambaye hasikii vizuri.

"Tangu kikao cha pili?" Mama Pacha akauliza.

Breki akavaa kofia yake. Alikuwa amekwishaona alikoharibu: siri ya kikao ilikuwa imemponyoka.

Katibu naye akawasili, akapanda pipa, akawasha kipaza sauti. "Ndugu wafanyakazi! Ushindi—"

"Katibu." Mama Pacha alisimama. Hakupaza sauti, lakini watu walinyamaza. "Kikao cha pili kilikuwa kabla sijauza cherehani yangu. Ofa ile uliikataa kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba yenu, dada yangu. Ilikuwa dharau. Nusu? Niliona tunaweza kuvumilia tukapata yote."

"Na leo imeacha kuwa dharau?"

Katibu alishusha kipaza sauti ili afikiri. Akakishusha mpaka usawa wa kitovu, na hakukizima. "Leo..." alianza, na kabla hajaendelea tumbo lake likajibu. Lilinguruma kwa muda mrefu, likapanda, likashuka, likamaliza kwa mlio mwembamba, na kipaza sauti kikaipeleka ngurumo hiyo mpaka ng'ambo ya barabara, ambako mwenye duka alitoka nje kuangalia mawingu.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Breki alilishikilia geti asianguke. Katibu alingoja, akakirudisha kipaza sauti mdomoni, na nilimpenda kwa alichosema, ingawa nilikuwa bado na hasira naye.

"Leo nilikuwa na njaa," alisema. "Sikuweza kungoja tena."

"Hata sisi hatukuweza," Mama Pacha akamjibu. Yeye hakuwa amecheka. "Ungetuuliza siku ile, tungekubali. Hukuuliza. Ulikuwa umeshiba."

Sikusubiri zaidi. Nilikwenda nyumbani, nikasimama mbele ya mama mkwe na kunyoosha mkono. Aliishusha bahasha kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi.

"Ameshika adabu?"

"Anakaribia."

Nilimkuta Katibu ameshuka kwenye pipa, nikamshika mkono, tukavuka barabara. Mwenye duka alituona tukija na bei ikapanda hapohapo. Katibu, ambaye kujadiliana ndiyo kazi yake, alivuta pumzi na kufungua kinywa. Nilimtazama. Akakifunga, akalipa alichoambiwa. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona akikubali ofa ya kwanza.

Cherehani ile ni chuma kitupu. Nilikunja kanga yangu ikawa kata, nikaiweka kichwani pake, nikamtwika. Alitembea barabarani kweupe na suti yake ya vikao, wafanyakazi wote wakimtazama, mkono wa cherehani ukizunguka wenyewe kila alipopiga hatua.

"Ni njaa iliyosaini," alinong'ona chini ya mzigo. "Ujue hivyo. Tungevumilia kidogo tu, tungepata yote."

"Kidogo cha nani?" nikamuuliza.

Akaongeza mwendo.

Aliitua mbele ya benchi. Mama Pacha aliikagua polepole, akazungusha gurudumu, akapitisha kidole chini ya ule mguu unaobana kitambaa, akainua uso.

"Sindano iko wapi?"

"Sindano?"

"Mwenye duka ameichomoa. Rudi kaichukue."

Katibu alirudi. Alivuka barabara anakimbia, shati limemtoka kwenye suruali, na watu wakampisha.

Nami nikabaki nimesimama mwisho wa benchi, mikono mitupu. Mkataba ulikuwa umesainiwa, lakini malipo yalikuwa bado mbali, na sufuria lilikuwa motoni na maji matupu yanachemka. Mama Pacha hakunitazama. Alikuwa ameweka ungo wa maharage magotini, anachambua. Baada ya muda akasogea kidogo upande wa wenzake, wenzake nao wakasogea, akaniwekea ungo mapajani kabla hata sijakaa sawasawa.

"Chambua na wewe," alisema. "Na nyama usituletee tena mpaka tulipwe wote."