Picha ya Mzee Vora

Jamnadas Vora alianza kazi Bombay akibeba taa studio, akapanda mpaka akawa mwongozaji wa sinema ambazo watu walizipangia foleni juani. Zilipokuja picha za rangi, za kwake zikaanguka zote. Mkewe akafariki. Mwaka 1971 akapokewa na dada yake Kanta, mwenye duka la vitambaa mjini Shinyanga.

Jirani yao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Paskalina. Aliposikia mgeni ni nani alishika kichwa.

"Kumbe wewe ndiye uliyeniliza vile kwa sinema yako!"

Tangu hapo jioni alikuja barazani kumfundisha Kiswahili, naye mzee akimsimulia habari za Bombay.

Baada ya mavuno ya pamba, jumba la sinema likapata picha mojawapo ya zamani ya Vora. Paskalina akavaa gauni la Krismasi, akamleta na mama yake aliyekuja kumtembelea kutoka Ushirombo, ambaye hakuwahi kuona sinema. Wakamketisha mzee katikati yao.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Bibi yule wa Ushirombo alicheka, hata akamshika Vora mkono. Kisha meli ya shujaa ikazama, akatupwa kisiwani, ngoma zikaanza kulia, na hapo Vora akakumbuka kinachofuata. Vijana wa Bombay, wamepakwa masizi, wamechomekwa mifupa puani, walitokea wakirukaruka kukizunguka chungu na kubweka kama mbwa.

Mtu nyuma akauliza, "Hao ndio sisi?" Wachache wakacheka, kicheko kisicho na raha. Bibi akauondoa mkono wake taratibu. Taa zilipowaka, Vora alikuwa ameinama, hana uso wa kumtazama mtu.

Asubuhi alimkuta Paskalina uani akichambua mchele.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ulimwona nani, mzee, hata ukatutengeneza vile?"

"Sikumwona mtu. Tulitaka watu wacheke tu. Hata nilikuwa nimeshasahau."

"Ulisahau." Paskalina akarudi kwenye ungo wake. "Mama kaniuliza, yule mzee tulimkosea nini? Nimekosa la kumjibu. Yuko ndani, kamjibu wewe."

Akaingia. Kiswahili chote alichofundishwa kikampotea. Alipiga magoti mbele ya bibi, akalia. Bibi akamwita bintiye kwa Kisumbwa amletee mgeni kiti. Kiti kile kilimchoma Vora kuliko tusi.

Kutoka pale alikwenda kumsihi mwenye jumba la sinema akikate kipande kile.

"Picha si yangu, mzee. Imeshapakiwa kwenye treni, inarudi Dar es Salaam."

Vora hakurudi India. Aliishi Shinyanga mpaka kufa. Mwezi uliofuata Paskalina alianza tena kuja barazani, wakaendelea na masomo. Habari za Bombay hakuuliza tena, na mzee hakuthubutu kuzianza.