Mafuta Ndani ya Rejeta

Fundi Meinrad alipofungua kifuniko cha rejeta, Scolastika alisogea kuchungulia, kisha akarudi nyuma hatua mbili. Humo ndani hamkuwa na maji. Mlikuwa na kitu kizito kama chai iliyozidi maziwa, kimeganda hadi mdomoni.

Mbinga nzima ilijua maana yake. Oili ikiingia kwenye maji, injini imekwisha. Na Land Rover ile Scolastika, mjane na mama wa Lidia, aliinunua kwa kahawa za misimu mitatu, mara tu biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kubeba mzigo wake. Hakuwa na kingine.

Dereva alikuwa Romanus, kaka wa marehemu mumewe. Jana gari lilichemka akilipandisha mlima kutoka Mbamba Bay na dagaa. Alilipumzisha kila kona mpaka akalifikisha nyumbani, sasa amesimama pembeni, viatu vimejaa vumbi.

"Umeliendesha bila maji, shemeji," Scolastika alisema. "Umeniulia gari. Nipe funguo."

Alisema hivyo mbele ya watu wanne wa kijiji cha Namswea waliokuja kutafuta usafiri wa magunia. Romanus aliweka funguo juu ya boneti, akaondoka kwa njia ya mgombani. Wale wa Namswea walitazamana, nao wakashika njia ya kwao. Dereva aliyesemwa hivyo, nani atampa gari tena?

Meinrad alikuwa bado ameinama. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi, safi, haijapungua hata kidogo. Akafungua mahali pa kumiminia oili, akakuta hapana povu. Akamwambia Scolastika awashe gari, naye akakodolea macho mdomo wa rejeta muda mrefu. Hapakutoka mapovu.

"Ingekuwa kichwa cha injini kimepasuka, hapa pangetokota kama sufuria," alisema. "Na oili ingepungua. Sasa mafuta haya yametoka wapi?"

Alichota ule utando kwa kidole, akaupaka kwenye bomba la moshi lililokwisha kupata moto. Ukachemka. Harufu iliyopanda ilikuwa ya maandazi.

Scolastika alidhani pua inamdanganya. Akainama, akanusa tena.

"Haya ni ya alizeti, Mama Lidia," fundi alisema polepole. "Mafuta ya kupikia. Ndiyo yaliyozuia maji yasipoze injini."

Bibi Kunigunda, mama mzazi wa Romanus na marehemu, alikuwa kibarazani anapepeta mahindi. Aliuliza bila kuinua kichwa kama wanasema yale mafuta ya baraka.

Walipomgeukia, akaeleza, taratibu, kama mtu anayeeleza alivyopanda maharage. Padre alipobariki gari alinyunyiza maji nje tu, tumbo la gari likabaki hivi hivi. Jumapili yeye akabeba kanisani chupa ya mafuta ya alizeti, akaiweka pamoja na chumvi na maji ya wenzake, ikabarikiwa. Asubuhi ya safari, Romanus akinywa uji, akaimimina pale anapomwona kila siku akilinywesha gari maji.

"Mlima ule ulishanilia mwana mmoja," alisema. "Nimebaki na huyu."

Scolastika akakaa chini kwenye vumbi, mbele ya fundi. Meinrad alikuwa akisema kwamba gari litapona, litaoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara nne au tano, mipira ya kupitishia maji ibadilishwe. Scolastika alisikia, lakini hakufurahi. Macho yake yalikuwa kwenye njia ya mgombani.

Alimkuta Romanus kwake anapasua kuni. Alimweleza yote. Romanus aliposikia habari ya mama yake alishusha shoka.

"Sijakukasirikia," alisema. "Ila usukani siugusi mpaka wale wa Namswea wasikie kwa mdomo wako."

Scolastika hakurudi hata kuaga nyumbani. Alikaza khanga, akashuka mabonde mawili kwa miguu. Alipofika uwanja wa nyumba ya kwanza ya Namswea, watu wanane walikuwa wamemzunguka mmoja wa wale wanne, anawaonyesha kwa mikono jinsi funguo zilivyowekwa juu ya boneti. Alipomwona, akashusha mikono.

Aliwaamkia wazee shikamoo. Walimpa kigoda, hakukaa.

"Nimemsingizia shemeji yangu," alianza.