Jani la Mgomba Juu ya Injini

Kitendawili! Itikia "tega", mjukuu wangu, usione haya. Nguo yake ya sikukuu aivaa ndani kabisa, wala haonyeshi mtu ila siku ya taabu. Nani huyo? Umeshindwa? Usinipe mji bado. Twende kwanza Giheke, kwa Nyirabagenzi, mama wa mikate.

Nyirabagenzi alikuwa na tanuri la udongo nyuma ya nyumba, mume mwenye maneno, na binti mwenye mikono. Mume ni Vénuste, aliyepeleka mikate sokoni kwa gari lao kuukuu. Binti ni Joselyne, aliyepamba vifuniko vya injini pale pale uani, kati ya kuku na kamba ya nguo. Ni vile vyuma vinavyokaa juu ya injini. Ukishafunga kapo ya gari, lile bati la mbele linalofunika injini, kwaheri, huvioni tena.

"Sasa kitu ya kufichwa, nani atakiona?" Vénuste aliuliza. "Nijibu, Joselyne. Nani?"

Joselyne alizidi kusugua chuma kwa msasa.

"Basi paka kifuniko cha gari yangu. Kesho tunapeleka mikate Nyakarenzo, na ile milima unaijua. Nikute rangi imebabuka, brashi zako natupa zote, unarudia kuuza vitenge na shangazi yako."

Nyirabagenzi alimwona binti yake anavyozivuta brashi karibu naye. Vitenge! Mtoto huyu sokoni alikuwa akisinzia macho wazi. Mbele ya rangi tu ndipo alipoamka.

Joselyne akapaka rangi ya fedha, ikakauka. Juu yake akapaka kijani, ile isiyoogopa moto, aliyoletewa kutoka Bukavu. Lakini rangi hiyo lazima ipikwe ndipo ishike.

"Maman, nikopeshe tanuri."

"Mikate ya watu ikinuka rangi, nitakuuza weye!" mama akasema, huku tayari anafagia majivu. Mikate ilikuwa imeshatoka, joto limepungua. Akakiingiza kifuniko kwa koleo lake la mikate. Na mkono, mjukuu wangu, mkono una mazoea yake. Miaka yote, kabla ya kufunga tanuri, hufunika mikate kwa jani la mgomba, majivu yasiidondokee. Akalilaza jani juu ya rangi mbichi, akafunga mlango, akaenda zake kumenya ndizi.

Walipofungua, Joselyne alipiga kelele kuku wakatawanyika. "Maman! Umeweka nini?"

Jani lilikuwa limekauka, limeng'ang'ania. Nyirabagenzi akaketi chini. Ni yeye mwenyewe aliyemharibia mtoto! Chuma kilipopoa, Joselyne akashika ncha ya jani, akalibandua polepole. Likaondoka na kijani mahali mahali, na pale rangi ilipotoka, fedha ikachungulia. Uti wa jani ulipita katikati kama barabara. Mishipa yake midogo, mamia kwa mamia, imenyooka pande zote mbili, kila mmoja mahali pake. Hakuna mkono wa mtu ambao ungeweza kuchora vile. Mama na binti wakainama kutazama.

"Yezu wangu," Nyirabagenzi akanong'ona. "Kumbe kila siku nilikuwa nafunika mikate na hii?"

Vénuste alikifunga kifuniko kwenye injini, akashusha kapo, pwa!

Kesho yake, njiani kupanda Nyakarenzo, mvua ilikuwa imetoka kupita. Katikati ya mlima moshi ukafuka mbele ya kioo, gari likakohoa, likazima. Vénuste akashuka akitukana milima na aliyeiumba barabara. Nyirabagenzi akamfuata, moyo mkononi. Akafumba macho kapo ilipoinuliwa.

Akafumbua. Mpira wa maji ulikuwa umetoboka tu. Mvuke mweupe ulipanda, ukatanda, ukafunguka, na ndani yake jani likatokea, bichi kana kwamba limekatwa asubuhi ile. Matone yalicheza juu yake. Hakuna hata ukucha wa rangi uliobabuka. Sasa mwenye nguo ya sikukuu umemjua, mjukuu wangu: ni gari. Vénuste alivua kofia, kama aingiaye kanisani.

Kijana wa pikipiki akasimama. "Pole, Mzee. Ayii! Nani ametupa jani mu injini?" Akanyoosha mkono alitoe, akaunguza kidole, akaruka. "Hii ni rangi?"

"Ni kazi ya binti yangu," Vénuste akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Anafanyia nyumbani, Giheke. Uliza kwa Maman wa mikate. Brashi zake ziko pale, na zitabakia pale."

Kijana alikipuliza kidole chake, akainama tena, akatikisa kichwa. "Lakini Papa, kitu kizuri hivi munafunika? Nani atakiona?"

Nyirabagenzi akamtazama mumewe. Swali lake mwenyewe limemrudia, limepanda mlima mzima kumtafuta. Vénuste aliangalia mvuke, akaangalia barabara tupu, akaangalia jani.

"Muntu mwenye amekwama," akasema.