Vigae vya Tanuri la Zamani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nilikuwa mjinga wa bidii, jasho linanitoka huku napiga mluzi.

Kiwandani kwetu tunachoma vigae vya kuezekea. Matanuri yalikuwa mawili: jipya, la gesi, ambalo bosi alipenda kulipiga picha, na la zamani, la kuni, ambalo kaka yangu alilijenga kwa mikono yake na kulichochea mpaka nyusi zake zikakata tamaa ya kuota. Mimi ni mpakiaji. Wananiita Redio, kwa sababu sizimiki.

Msimu ule vigae vilikuwa vinapasuka ovyo. Bosi akaamua kuwa mkosaji ni tanuri la zamani: libomolewe, na mchomaji wake aende nalo. Binti wa kaka, mkaguzi wa ubora hapo hapo kiwandani, akakataa. Huenda ni udongo, alisema, maana tulitumia wa aina mbili: wa bondeni, ambao ulinunuliwa, na wa kilimani, uliotoka shambani kwa bosi mwenyewe. Aliomba jaribio. Bosi akampa uchomaji mmoja tu, kabla wabomoaji hawajaja.

Akatengeneza michanganyiko minane: udongo wa bondeni au wa kilimani, mchanga mwingi au kidogo, kukaushwa kivulini au juani. Tanuri moja halikuweza kuimeza yote, kwa hiyo akaigawa katika matoroli mawili, moja kwa kila tanuri, minne minne, kila toroli lina udongo wa aina zote mbili.

"Baba mdogo," akaniambia, "matanuri ni mawili na hayafanani, kwa hiyo lazima kuna kitu tutakipoteza. Nimechagua tupoteze kisicho na kazi: lile linalotokea pale tu mambo yote matatu, udongo, mchanga na ukaushaji, yanapokutana. Lakini udongo tutaujua, na tanuri tutalijua. Pakia kama ilivyo."

"Mwanangu, mimi napakia vigae tangu wewe unanyonya."

"Ndiyo maana nakuomba. Kama ilivyo."

Akaenda kujinyoosha, maana alikuwa amechoka hoi. Nikabaki na yale matoroli, mikono inaniwasha. Udongo wa kilimani husinyaa zaidi motoni. Ukiuchanganya na wa bondeni kwenye tanuri moja, safu zinalegea na vigae vinaangukiana. Kanuni hiyo kaka aliniingizia kichwani kwa kofi, nilipoanza kazi. Nikajisemea, huyu mtoto amesoma, lakini hajawahi kuzoa vipande. Ngoja nimsaidie. Wa kilimani wote nikaupeleka tanuri la zamani, wa bondeni wote tanuri jipya. Rafu zikapendeza kama meno ya bandia.

Matanuri yalipopoa tukafungua. Kwenye jipya, vigae vizima vitupu. Kwenye la zamani, vipande vitupu.

"Si nilisema?" Bosi alitabasamu. "Tanuri hilo."

Binti akaokota kipande, akakigeuza kutazama alama aliyokuwa ameikwaruza kwa msumari. Akageuza kingine, na kingine. Akachuchumaa pale pale kwenye majivu.

"Vyote vya kilimani. Nani amegusa matoroli yangu?"

Nikainua kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. "Nilivipanga vizuri tu, mwanangu."

"Haya, baba mdogo, niambie. Vimepasuliwa na udongo au na tanuri?"

"Sasa... si tuviangalie vizuri..."

"Tuangalie nini? Kila kilichopasuka ni cha kilimani, na kila cha kilimani kimechomwa humu. Umevifunga kamba moja, havitenganishwi tena. Kitu kilekile tulichokuwa tunakitafuta ndicho ulichokipoteza."

Nikamgeukia bosi. Nikamwomba uchomaji mmoja zaidi, kuni nitapasua mwenyewe, mshahara asinipe.

"Wabomoaji wako getini," akasema. "Na udongo wa kilimani siununui, Redio. Unadhani nitalaumu nini, udongo wangu wa bure au tanuri?" Akaenda kuwafungulia.

Kaka alikuwa amekaa juu ya toroli tupu, anavua glavu zake, kidole kimoja kimoja. Binti yake alisimama nyuma yake, mkono begani kwake. Nikajaribu kutania kwamba sasa nyusi zitapata nafasi ya kuota. Nyundo ya kwanza ikagonga bomba la moshi, na vumbi jekundu likatushukia wote watatu.

Hapo nikapandwa na hasira, ile hasira ya mtu anayejua amekosa.

"Lakini kaka, kanuni si yako? Udongo aina mbili usichanganywe tanuri moja! Si wewe uliyenizaba kofi? Mimi nimefanya ulichonifundisha, basi!"

Kaka akazikunja glavu, akaniwekea mikononi.

"Nilikufundisha kupakia vigae vya kuuza, mdogo wangu. Hivi vilikuwa vya kunitetea."