Hodi ya Tatu kwenye Mlango wa Kompyuta

Usiku wa jana niliota kompyuta yangu imeota mlango. Mlango wa mbao, wenye bawaba na komeo, katikati ya kioo, chini kidogo ya saa. Sikushangaa. Nilichowaza ni kwamba sasa nitahitaji kitambaa kirefu zaidi, maana kile cha kufuma ninachoifunikia hakitafika mpaka kizingitini.

Niseme kwanza nililala na nini kichwani. Kompyuta yetu inakaa juu ya meza ya chakula, hapa Chumbageni, Tanga. Ndani yake mna kitu kimoja ninachokijali: sauti ya marehemu mume wangu, Makame, akiimba huku akitengeneza jiko la mafuta ya taa. Dakika nne na nusu. Nakala yake ilikuwa kwenye flashi, na flashi nimeifua pamoja na dera. Makame alikuwa Mpemba wa Wete, karafuu haimtoki mdomoni, hodari wa kila kitu isipokuwa kuimba. Akianza, kuku wa jirani wanarudi bandani mchana kweupe.

Mwaka juzi kompyuta ile ya zamani iliniuliza kama nataka zawadi ya jokofu. Nikabonyeza Ndiyo. Mtu kakuletea zawadi mpaka kwako, umwambie hapana? Sikulelewa hivyo. Picha zote za harusi ya binti yangu Raya zikapotea, na jokofu sijaliona. Nililia siku tatu. Ya nne nikaanza kujicheka mwenyewe, kwa sababu nilijua majirani wataanza ya tano.

Basi jana mchana shemeji yangu Hamadi, mdogo wake Makame, akashikilia ninunue antivairasi ya kulipia, iilinde kompyuta. Raya akashikilia kwamba ya bure inatosha. Walibishana mpaka chai ikaota ngozi. Nikawaambia nitaamua asubuhi, nikaenda kulala.

Naingia kwenye ule mlango. Ndani ni chumba chetu cha kulia, ila meza iko darini na vikombe vimetulia juu yake, havimwagiki. Nageuka kufunga nyuma yangu, na chumba kimekuwa darasa la shule ya msingi. Nimekaa kwenye kiti cha mwalimu. Mbele yangu wanaume wawili wamekuja kuomba kazi ya ulinzi.

Wa kwanza amevaa sare ya buluu, viatu vinang'aa, shingoni filimbi tatu.

"Mimi ni wa kulipia," anasema. "Niko kwenye majaribio. Yanaisha leo saa sita."

"Unalinda nini?"

"Mlango, madirisha, barua, nywila, kamera, watoto wadogo, na kompyuta nyingine nne."

"Sina kompyuta nyingine nne."

"Zinalindwa hivyo hivyo."

"Na saa sita ikifika?"

"Nasimama."

"Unasimama wapi?"

"Popote nilipo, mama. Hata kama nimeinua mguu."

Nikaandika: mguu. Wa pili amevaa kandambili, ana kigoda chake mwenyewe na karanga kwenye karatasi.

"Mimi wa bure. Nalinda mlango."

"Na nini tena?"

"Mlango tu, mama. Ila naujua." Hapo akasimama wima, macho yakamtoka, akanipigia kelele kwa sauti isiyokuwa yake: "BORESHA SASA! PUNGUZO NI LEO TU!" Akakaa. "Samahani, mama. Hunijia kila baada ya robo saa."

"Pole. Hujapata dawa?"

"Dawa yake ni kulipia."

Nikawauliza yupi bora. Wakajibu kwa pamoja, kama watoto wanaosoma ubaoni: "Jambo moja sote hatuliwezi. Mwenye nyumba akishasema karibu, sisi tunampokea mgeni mkoba."

Mimi nikaajiri wote wawili. Nikajiona nina akili. Katika umri wangu wote, kila nilipojiona nina akili haijapita robo saa nimekaa chini, na safari hii pia haikupita.

Walitazamana.

"Huyu anakagua watu," akasema wa kulipia.

"Na huyu pia," akasema wa bure.

"Anayekagua watu humu na si mimi, huyo ni kirusi."

"Hata mimi nimefundishwa hivyo hivyo."

Wakashikana kola. Kila mmoja akamtangazia mwenzake kwamba yuko chini ya ulinzi. Walikuwa wanasema kweli wote wawili. Mlango ukabaki peke yake.

Darasa limekwisha. Sasa ni ukumbini kwangu, na mafaili yangu yote yamekaa mkekani yamebanana: bili ya maji, cheti cha Raya, mapishi ya visheti. Pembeni imekaa bahasha ya kaki, imekunja miguu. Ikakohoa, na kikohozi nikakijua: cha Makame.

"Bi Kidawa," ikaniita.

"Abee."

"Virusi wanakuja na kufuli. Wakinifunga, sifunguki tena."

"Nifanye nini?"

"Unyamaze."

"Mimi?"

Bahasha ikacheka mpaka mdomo wake ukabanduka gundi. "Najua. Miaka ishirini na sita ya ndoa sikubahatika kuona. Lakini komeo hili hufunguliwa na neno moja tu, nalo liko kinywani mwako. Mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, anarudi zake. Hata hawa wanaifuata sheria hiyo, hawana njia nyingine ya kuingia. Chukua, uma."

Ikanipa karafuu. Nikaibana menoni.

"Hodi!" Sauti laini, ya mtu aliyefunzwa kwao. "Hodi wenyewe! Nimeleta jokofu."

Nachungulia kwenye ufa. Jokofu lipo kweli, jeupe, limesimama kwa miguu yake na linatazama chini kwa haya.

"Ni lile lile, Bi Kidawa," likasema lenyewe. "Nilichelewa bandarini."

Nilikuwa na majibu kumi na moja, yote mazuri. Moja lilihusu bandari. Moja lilihusu ukoo mzima wa hilo jokofu. Karafuu ikawaka ulimini, machozi yakanitoka, nikanyamaza.

Ikagonga saa sita. Wa kulipia alikuwa anafungua mdomo kusema jambo, akasimama hapo hapo, mguu mmoja juu, kola ya mwenzake mkononi. Paji la uso likaandikika: Majaribio yamekwisha. Wa bure anavuta kola, haitoki. Naye ndipo ikamjia: "BORESHA SASA!"

"Hiyo ni karibu?" ikauliza sauti ya nje.

"Ni tangazo," likajibu jokofu.

"Hodi!" Mara hii ni sauti ya Hamadi. "Shemeji, ni mimi! Fungua upesi, kompyuta yako imeambukizwa, nimekuja kuisafisha!"

Nageuka, niko posta. Mlango umekuwa dirisha la stempu, na nyuma yangu pana foleni ya watu arobaini wanaosubiri nimwitikie mgeni.

"Mwenzetu ana kiburi huyu," anasema mama mmoja mwenye kikapu.

"Mgeni wa watu anaungua jua," anasema mwingine.

"Na ni shemejiye! Kha!"

Aibu ikanipanda kuanzia magotini. Nimesemwa kwa mengi maishani, lakini kunyima watu karibu sijasemwa. Midomo ikaanza kufunguka. Kisha nikamkumbuka Hamadi mwenyewe. Tangu niolewe na kaka yake, Hamadi hajapiga hodi hata siku moja. Huingia kwa mlango wa jikoni, akafunua sufuria, ndipo akasalimu.

Nikauma. Foleni nzima ikayeyuka ikawa stempu.

Nikasubiri. Halafu, chini chini, karibu kabisa na mbao:

"Hodi, Kidawa."

Nilikuwa sijaitwa hivyo kwa miaka mitano, tangu Makame azikwe.

Miguu ikanipeleka yenyewe. Mkono uko kwenye komeo. Karafuu imelala ubavu, imebakia kwa ncha tu kati ya meno mawili. Na yeye huko nje akaanza kuimba, ule wimbo wake wa jiko, taratibu, kama alivyozoea akitafuta spana. Neno karibu lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Akafika pale unapopanda.

Akapanda. Bila kukwaruza, bila kutetereka, kila sauti mahali pake, safi kama maji ya mtungi. Kuku wa jirani wakasogea kusikiliza.

Nikatoa mkono kwenye komeo.

Makame hakuwahi kufika pale. Akikaribia alikuwa anakohoa, analigonga jiko kwa spana, kisha anaendelea kutokea upande wa pili kama mtu aliyevuka mto kwa kuuzunguka.

"Anaimba vizuri mno," ikaninong'oneza bahasha.

Nikatikisa kichwa. Hapo ndipo lilinijia jibu la kumi na mbili, kubwa kuliko yote: kwamba arudi akajifunze kwanza kukosea. Nililimeza zima zima. Bado liko tumboni.

Wimbo ukakatika. Nikahesabu pumzi zangu tisa.

"Mama huyu hana adabu," likasema jokofu. "Twende zetu."

Nachungulia. Kumbe mgeni ni kijitu cha kimo cha birika, suti nyeusi, amebeba kufuli kubwa kuliko yeye. Kinaondoka kinajikwaa, jokofu linakishika mkono kukivusha barabara. Nikangoja mpaka wamekata kona. Ndipo nikaisukuma karafuu shavuni nikapiga vigelegele ambavyo harusi tatu hazivitoshi.

Mafaili yakainuka. Bili ya maji ikacheza ngoma ya msondo, na haikuwa imelipwa. Wa bure akachomoa kola, akanijia anafuta jasho.

"Mama, nimepata kazi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akalia, akapiga tangazo, akaendelea kulia. Wa kulipia tulimsogeza karibu na mlango tukamtundikia mwavuli kwenye ule mguu. Si mtu mbaya, ni muda wake tu uliokwisha.

Kisha bahasha ikasimama katikati ya mkeka, ikaimba dakika nne na nusu. Ilipofika pale unapopanda ikakohoa, spana ikalia, kuku wakakimbilia bandani. Sisi tukapiga makofi mpaka mikono ikafa ganzi.

Nikaamka jua limefika kwenye chandarua. Raya amesimama mlangoni na flashi mpya mkononi.

"Mama, umeamua? Ya kulipia au ya bure?"

"Ya bure," nikasema, "na hiyo flashi niikute hapa kabla ya chai. Kuanzia leo kompyuta ikiniuliza kitu nisichokiagiza, simjibu mtu."

"Mbona unaongea kama una pipi mdomoni?"

Nikatia kidole shavuni. Ikatoka karafuu, imelowa, ina alama za meno pande mbili. Karafuu za nyumba hii zilikwisha kwenye pilau ya Idi, na chupa yake Raya mwenyewe ameigeuza kuwa ya vifungo.

Tulikuwa bado tunaitazama kiganjani mwangu tuliposikia kifuniko cha sufuria jikoni, na sauti ya Hamadi:

"Shemeji! Mbona nyumba inanukia karafuu kama kaka yupo?"

"Toka nje kwanza," nikamwambia, "upige hodi."