Kikombe cha Dereva

Serafina aliposwa kwa baiskeli, akapelekwa kujifungua kwa baiskeli, na katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kushika usukani hata siku moja. Mahali pake palikuwa kwenye keria. Mumewe, Mayala, mbele akikanyaga pedali. Yeye nyuma, miguu yote upande mmoja, ndoo ya uji mapajani, vidole vya mkono wa kulia vimeingia kwenye springi za siti. Kila alfajiri walitoka hivyo Katoro mjini hadi kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kuwauzia wachimbaji uji na viazi kwenye kibanda chao.

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Mayala. Mchimbaji angeweza kuwa ametoka shimoni koo limekauka kabisa, lakini angengoja. "Hiki cha dereva," Serafina alisema, na Mayala alikunywa polepole kwa makusudi, huku akiwatazama kwa uchokozi. Wao walimtukana na yeye alicheka.

Mayala alikufa kwa ugonjwa wa kifua wakati wa mvua. Matanga yalipoisha, kaka yake Ngassa, aliyekuja kutoka Songwa kuzika, akasema mali ya marehemu sharti irudi kwao. Mtu mwenye ng'ombe wa kujaza bonde, na bado roho yake ikamtuma kwenye baiskeli! Aliifunga juu ya basi kwa kamba ya katani, kisha akamgeukia shemeji yake kwa upole wa mtu aliyekwisha kupata alichotaka. "Ukishindwa huku, njoo nyumbani. Nyumba ipo." Serafina aliijua hiyo nyumba. Angekula na angelala, lakini angekuwa mtu wa kutumwa na kila mke wa Ngassa mpaka azeeke. Akajibu, "Asante, shemeji," na basi likaondoka.

Tangu hapo ndoo ilihamia kichwani. Safari ya baiskeli ikawa safari ya miguu, na alipofika karasha, wachimbaji walikuwa wameshakunywa chai ya watu wengine na kutawanyika. Uji uliobaki alikunywa mwenyewe jioni, umepoa, nyumba imenyamaza. Binti yake Noela alikuwa ameolewa mbali na alipiga simu akipata salio, na salio alipata mara chache.

Hatimaye Theonest, msimamizi wa karasha, akamwita pembeni. "Mama Noela, mimi nakuheshimu. Lakini hawa watu wanataka kushiba kabla ya kazi. Jumatatu ukichelewa tena, kibanda nampa mwingine." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomkata maini Serafina. Bila kibanda, njia iliyobaki ilikuwa ya Songwa.

Basi Jumamosi akaenda gulioni, akiba yake yote imefungwa kwenye pindo la kitenge, kutafuta baiskeli ya mkononi. Mpya hata hakuisogelea.

Wanunuzi wengine huinama na kuvuta cheni, hukaza breki, hubonyeza tairi kama wanaochagua maparachichi. Serafina hakuyajua hayo. Baiskeli aliijua kwa makalio, tusioneane haya kulisema. Dalali wa kwanza alimletea moja iliyopakwa rangi nyekundu juzi juzi, inang'aa, kengele inalia mpaka unataka kuinunua kengele peke yake.

"Hii ni chuma, mama! Haijawahi kuona matope."

"Nipakie."

"Nini?"

"Panda, mimi nikae nyuma. Tuzunguke kidogo."

Vijiwe vyote vilicheka. Dalali alipanda, ili tu yaishe. Hawakufika hata kwenye mashine ya kusaga mahindi. Serafina alishasikia kitu kikimgonga kwa chini kila gurudumu lilipozunguka. Rimu ilikuwa imepinda. Akashuka, akashukuru. Ya pili ilienda vizuri kwenye lami, lakini kwenye kokoto sehemu ya nyuma ilitaka kwenda kwake na ya mbele kwake, kama walevi wawili walioshikana mabega. Fremu ilikuwa imeungwa mahali fulani chini ya rangi. Akashuka tena.

Akiwa anavuka kwenda upande wa pili, Mwamvua muuza dagaa alipaza sauti juu ya beseni lake. "Mama Noela! Naona leo kila mwanaume anakupakia! Umechoka kukaa peke yako?"

Ulikuwa utani tu, wa kupigia soko. Serafina alicheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka huulizwa ana nini. Lakini ndani ulimchoma, maana ndiyo, alikuwa amechoka kukaa peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumwambia bila utani.

Chini ya kibanda cha turubai alikuwepo fundi Valerian, mtu mzima, mikono imejaa grisi. "Mwadila, mayu," alimsalimu, na kusikia Kisukuma kile cha nyumbani kulimlegeza Serafina kidogo. Valerian alikuwa na Foneksi moja kuukuu, rangi ya kijani imechujuka, haina kengele wala urembo. Serafina alipomwambia ampakie, hakucheka. Alifuta keria kwa kitambaa, akapanda, akangoja mpaka akae sawa.

Baiskeli ile haikusema kitu. Ilipita lami, ikapita kokoto, ikaruka tuta na kutua, kimya. Serafina alifumba macho. Vidole vyake vikaingia vyenyewe kwenye springi za siti, na kwa mwendo mfupi ule, mgongo uliokuwa mbele yake ulimkinga upepo kama zamani. Hakutaka ifike. Alijua ni upuuzi na bado hakutaka ifike.

"Hii," alisema.

Walivutana bei kiungwana. Valerian akapunguza, Serafina akafungua pindo lote, na fundi akaongeza mpira wa kufungia mizigo. Kisha akachukua spana.

"Mzee ndiye ataendesha?"

Serafina hakupanga kudanganya. "Ndiye."

"Ni mrefu?"

"Mrefu. Ipandishe siti." Alisimama pembeni na kutazama bomba la siti likipanda. "Bado kidogo. Hapo. Hapo hapo."

Aliisukuma hadi nyumbani. Barabarani alikuwa na furaha, na nisiwafiche, furaha yenyewe ilikuwa ya mtu anayempelekea mumewe zawadi. Alipofika uani akaiegemeza kwenye ukuta na kuitazama. Siti ilikuwa juu karibu na kifua chake. Alikunja kitenge, akajaribu kuvusha mguu juu ya lile bomba la fremu, akashindwa. Akajaribu tena kwa kupandia jiwe, na safari hii akakaa, lakini miguu ikaning'inia mbali na pedali kama ya mtoto. Gulio zima alilizunguka akichagua baiskeli, na siti ya mbele hakuikalia hata mara moja. Alikuwa amenunua baiskeli ya Mayala.

Akashuka. Akaiweka kwenye stendi, akakaa kwenye keria, miguu upande mmoja, akalia. Alikuwa hajalia hivyo hata makaburini, kwa kuwa kule walikuwepo watu wa kumshika.

Kesho yake, baada ya kanisa, alirudi kwa Valerian.

"Shikamoo, fundi."

"Mbona shikamoo, mayu, sisi si rika moja? Imeharibika?"

"Haijaharibika. Nishushie siti."

"Jana si tulipima na urefu wa mzee?"

"Mzee alikufa wakati wa mvua," Serafina alisema. "Naendesha mimi."

Valerian hakutoa pole ndefu. Alichukua spana, akalegeza nati, na bomba likaanza kuzama. Fundi alipotaka kuikaza, Serafina akamwambia ashushe zaidi, mpaka mwisho. Lilipogota, alihisi limegota ndani yake pia. Akataka kulipa, fundi akakataa. Alichomwambia ni kwamba asiwe na haraka ya kupanda: aisukume kwanza, mzigo ukae kwenye keria, yeye na baiskeli wazoeane. "Wabeja," Serafina alimshukuru, akaondoka nayo.

Jumatatu kulipokuwa bado giza aliifunga ndoo ya uji kwenye keria, pale pale alipokuwa akikaa yeye, akaukaza mpira. Akashika usukani. Njia nzima alisukuma, bila kusimama kutua ndoo kama alipoibeba kichwani, na kwenye mteremko akaweka mguu mmoja kwenye pedali, baiskeli ikambeba hatua chache, moyo ukamruka, akashuka.

Alifika injini ya karasha haijawashwa. Wachimbaji walikuwa wamekaa juu ya viroba vya mawe, wamejikunyata kwa baridi. Theonest aliitazama baiskeli, akamtazama Serafina, kisha akaenda mwenyewe kukiondolea kibanda kamba ya mlangoni.

Wakajipanga. Serafina alifungua ndoo, mvuke ukampiga usoni, akachota kikombe cha kwanza. Mchimbaji wa mbele akanyoosha mkono. Serafina alibaki na kikombe hewani, akitazama kando ya baiskeli, mahali ambapo mtu alizoea kusimama akipangusa jasho.

"Subiri," alimwambia. "Hiki cha dereva."

Waliomfahamu Mayala waliinamisha macho. Serafina akakipeleka kikombe mdomoni, akanywa uji wake wote ukiwa moto, mpaka ukaisha, ndipo akamchotea aliyefuata.